Kinamo Hakisahau

Dk. Ngailo aliweka sinia dogo la chuma juu ya meza ya Subilaga, akafunua kitambaa, akasema, "Kitazame mwenyewe, maana mimi nimeshindwa kuelewa."

Kilikuwa kipande cha kinamo, cheupe, kipana kama kiganja cha mtoto, kimepinda kidogo kufuata umbo la kichwa. Subilaga alikitambua kabla hajakigusa. Vipande vyote vya namna hiyo vilitoka katika karakana yake. Kinamo chenyewe, huo udongo wa maabara unaofinyangwa ukiwa laini kama ugali na kukauka mgumu kama mfupa, alikibuni yeye. Tangu tetemeko la kiangazi kilichopita liliposhusha paa za shule tatu juu ya wanafunzi, karakana ilikuwa imeziba mafuvu ya watoto zaidi ya mia mbili. Kipande hiki kilitoka kichwani mwa mmoja wao, Lusajo, wa miaka saba, aliyezikwa Jumapili.

Katikati yake palikuwa na kishimo. Upande wa nje kilibonyea, upande wa ndani kikatokeza nundu, na hiyo nundu ndiyo iliyoukandamiza ubongo.

"Alianguka?" Subilaga aliuliza.

"Alikuwa kitandani na malaria. Homa ilipanda, mkono wa kushoto ukalegea, akapoteza fahamu, ndiyo basi. Mama yake hakubanduka pale." Ngailo alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti. Alikuwa daktari wa upasuaji, mrefu, mpole wa sauti, na ndiye aliyevipachika vipande vyote mahali pake. "Nikimwonyesha mtu kitu hiki atasema mtoto alipigwa. Na wameshaanza kusema. Baba mkubwa wa marehemu anataka kumpeleka yule mama polisi."

"Kinamo hakibonyei kwa ngumi. Hata ukikipiga nyundo hakibonyei, kinapasuka."

"Mimi najua, na wewe unajua. Niambie basi kilichokibonyeza."

Subilaga alikigeuza kipande huku na huku. Hakuwa mtu wa kukosa majibu, na jambo hilo lilimuudhi kwanza, woga ukaja baadaye.

Zamani watu walihamia milimani kumkimbia mbu. Siku hizi joto limepanda na mbu naye amehamia, amejenga, na hana mpango wa kurudi bondeni. Kwa hiyo watoto wa mji huu wa Lusungu waliugua homa kali kila masika, na kila mmoja wa wale mia mbili na zaidi angeugua leo au kesho. Subilaga aliliwaza hilo huku akivaa glavu, akafungua kopo jipya la kinamo.

Kinamo hufuata mkono wa anayekitengeneza, na hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Udongo uleule, wa kopo lilelile, ukiumimina kwenye kalibu unatoka mgumu na mkavu, ukianguka unavunjika vipandevipande. Ukiukanda kwa muda mrefu unakuwa na unyumbufu, unapinda kabla ya kuvunjika. Ukiuvuta nyuzi na kuufuma kwa mashine unakuwa na nguvu upande mmoja na unyonge upande mwingine, kama ubao. Miaka yake kumi ya kwanza ya kazi aliimaliza kwa kuufanyia udongo mmoja mambo mbalimbali na kutazama utageuka nani.

Siku hiyo alitengeneza vipande vinne: cha kumimina, cha kugandamiza kwa mashine, cha kufuma na cha kukanda kwa mkono. Akavikausha chini ya taa ya zambarau, ile inayokifanya kinamo kishike umbo, kisha akavitumbukiza kwenye beseni la maji aliyoyapasha hadi joto la homa kali. Akavuta kigoda. Vipande vililala chini ya maji, vimetulia, havikujikunja wala kujikunjua. Alipandisha joto kupita linaloweza kuvumiliwa na mwili wa binadamu, navyo vikabaki vilevile.

Angepaswa kufurahi. Badala yake alikaa pale akiwa na wasiwasi wa mtu aliyehesabu kondoo wake wakatimia na bado anasikia mmoja akilia nje.

Chai ya saa nne aliinywa kwenye kikombe cha udongo alichorithi kwa bibi yake, mfinyanzi wa kule ziwani. Kwa mazoea dole gumba lake lilitafuta kile kishimo karibu na kitako, likaingia. Bibi alikuwa na desturi: chombo kikiwa bado kibichi, atakayekitumia huitwa akitie dole, ili chombo kimjue mwenyewe. Asiyetia dole, bibi alisema, amenunua chungu cha watu.

Kikombe kikabaki hewani, hakikufika mdomoni.

Wakati ule wa tetemeko, kina mama wa Lusungu walikataa kinamo. Walisimama nje ya wadi, watoto wamefungwa vitambaa vichwani, wakasema mfupa wa mashine hauna mtu, hawawezi kumtia mtoto kitu kisichojulikana kwao. Watoto wawili walikufa wakati wazazi wanabishana na waganga. Ndipo Subilaga alipokumbuka desturi ya bibi. Akawaita kina mama karakanani, akawapa vipande vikiwa bado laini, akasema: tieni dole, mkiombee, kiende kikimjua mtoto. Uso wa kila mama ulibadilika. Walibonyeza, wakalia, wakaimba, na wote wakakubali. Kisha kila kipande kilipelekwa kwa Bupe, mwanamke wa kumalizia kazi, akakisawazisha kwa kijiti mpaka kishimo kikapotea, kikakaushwa, kikasafishwa kwa dawa baridi, kikaenda kwa Ngailo.

Udongo uwahi ungali maji, wahenga walisema. Hawakusema kitu juu ya anayeuwahi mara mbili.

"Bupe," Subilaga aliita. "Hebu njoo. Jifanye mama wa mtu."

Bupe aliingia akijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mama mnene mwenye maneno, na hakuhitaji kubembelezwa kufanya mzaha. "Mimi ni mama wa watu tayari, dada, tena wakubwa, wanakula kama siafu. Nibonyeze wapi?"

Subilaga alimsogezea kinamo kibichi. "Hapo katikati. Kama wanavyobonyeza wao."

Bupe alibonyeza. Kisha bila kuambiwa alichukua kijiti chake, akalaza kinamo huku na huku, akakisugua mpaka uso ukawa laini kama yai. Subilaga akakipeleka kwenye taa, kutoka hapo kwenye beseni, na wote wawili wakainama.

Joto la mwili wa mtu mzima wa afya: hakuna kitu. Joto la homa ndogo: hakuna kitu. Lilipofika joto la mtoto anayeweweseka, uso wa kile kipande ukaanza kulegea katikati, polepole, kwa adabu, kikazama pale pale. Upande wa pili nundu ikachomoza. Na chini ya kishimo, Subilaga alipokitoa na kukiinamisha kwenye mwanga, ilikuwepo mistari ya ngozi ya Bupe, mviringo ndani ya mviringo.

Bupe alikitazama, akautazama mkono wake. Mzaha wote ulikuwa umemwishia.

"Dada," alisema, "mimi nilidhani nafuta."

*

"Nieleze kama mtu asiyejua," Ngailo alisema. Walikuwa wamefunga mlango wa ofisi ya karakana, na kipande cha Bupe kilikuwa mezani kati yao, kando ya kile cha Lusajo.

"Ndani ya kinamo kuna nyuzi ndogo ambazo jicho halizioni. Ukikimimina, nyuzi zinalala ovyo, hazina la kukumbuka. Ukikibonyeza kabla hakijakauka, zinapinda kufuata dole. Bupe anakuja, anasawazisha uso. Lakini anasawazisha juu tu. Chini kwa chini nyuzi zimeshapinda, halafu taa inazifunga hivyo hivyo, zimelazimishwa kunyooka na hazitaki. Joto la homa linalegeza kufuli. Zinarudi zilikozoea."

"Na tulivijaribu kwenye joto. Nilikuwepo."

"Tulijaribu vilivyotoka kwenye kalibu moja kwa moja. Dole hatukulijaribu. Dole halikuwa hatua ya kazi, daktari. Ilikuwa baraka. Nani anaipima baraka?"

Ngailo aliona, kama alivyoona Subilaga, kwamba hapakuwa na mtu wa kumnyooshea kidole aliye mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Basi nawafungua wote," alisema hatimaye. "Natoa vya zamani, naweka vya kumimina."

"Wangapi wataamka?"

"Mfupa umeshashikamana na kinamo. Nimewahi kuwafungua tena wachache, kwa sababu ya usaha." Alivaa miwani, akaivua tena. "Katika kila kumi nitampoteza mmoja. Nikiwa na bahati."

"Na si wote wenye hatari. Tumejaribu tena na Bupe. Akibonyeza kidogo, kinachorudi ni kijidimbwi cha juu tu, upande wa ndani hautikisiki. Mtoto ataishi nacho mpaka azeeke. Wenye hatari ni watoto wa wale waliobonyeza kwa nguvu."

"Tutawajuaje?"

"Picha?"

"Nimempiga picha mdogo wake Lusajo leo asubuhi. Kipande kinaonekana kizima kabisa." Ngailo alitikisa kichwa. "Amelazwa tangu jana, Ndimbumi, wa miaka mitano. Naye tulimziba siku ile ile. Homa imeanza, nimemwekea dripu na vitambaa vya maji, ila dawa ikichelewa kushika itapanda usiku. Lazima niamue kabla jua halijazama, nimfungue au nimwache. Na yule mama ameshazika mmoja."

Subilaga alisimama, akaenda dirishani. Nje, kwenye benchi refu la karakana, kina mama walikuwa wameanza kufika. Ngailo alikuwa amewaita kwa njia ya redio ya kata, akisema karakana inakagua vipande vyote, bila kusema sababu. Wengine walikuja na chakula kwenye vikapu. Walipiga soga, mmoja anamsuka mwenzake.

"Wanajua wenyewe," alisema Subilaga. "Mikono yao inajua. Nikimpa kila mmoja kinamo kibichi, nikamwambia abonyeze kama alivyobonyeza siku ile, nitapima kina cha shimo. Mtu habadilishi namna yake ya kubonyeza, hasa akikumbuka vizuri, na hakuna mama atakayeisahau siku hiyo."

"Vizuri. Waeleze, kisha wabonyeze."

"Nikiwaeleza hawatabonyeza." Aligeuka. "Fikiria. Nimwambie mama, dole ulilomwombea mwanao nalo ndilo litakalomuua akipata homa. Halafu nimpe kinamo. Atakigusa kama anayegusa jiko la moto. Hatataka kudanganya, mkono utadanganya wenyewe. Nami nitapima, nitaona shimo dogo, nitasema huyu salama, mwacheni. Masika ijayo tutamzika."

"Basi usiwaambie."

"Niwachukue kina mama waliolia mbele yangu, niwachezee kama watoto, wanisaidie kujua nani kati yao aliua zaidi."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

"Wadanganye kwanza, uwaambie baadaye," Ngailo alisema.

"Wa kwanza nikimwambia, wa mwisho atakuwa amesikia kabla hajafika mlangoni. Unaujua mji huu. Hapa siri ikipewa mguu asubuhi, mchana inarudi na watoto. Ni lazima wanyamaziwe wote mpaka wa mwisho amalize. Siku tatu, labda nne. Na kwa siku zote hizo Mama Lusajo anaitwa muuaji."

Ngailo alichukua sinia, akalirudisha, kana kwamba mikono ilihitaji kazi. Alikuwa mtu mwema, na wema wake siku hiyo haukuwa na msaada wowote. "Ubunifu wako, udongo wako," alisema, si kwa ubaya. "Amua. Mimi niletee jibu la Ndimbumi kabla ya magharibi."

*

Tusekile, mama yake Lusajo, aliingia wa kwanza. Alikuwa mwembamba, hajafika thelathini, amejifunga khanga za msiba mbili, na hakukaa mpaka alipoambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Nimeshapoa." Alisema hivyo kwa adabu tu, watu husema hivyo. Kisha, akitazama sakafu: "Mama, mimi sikumpiga mwanangu."

"Najua."

"Shemeji yangu anasema kichwa kilikuwa na shimo. Kila anayekuja kuhani ananiangalia mikono."

"Najua hukumpiga," Subilaga alirudia. Alikwisha kuamua. Angedanganya. Alijiambia kwamba uwongo huu ungedumu siku chache, na aliye chini ya kaburi hakuna ukweli unaomfufua, ila kuna mtoto kwenye wadi mwenye homa. Hoja zilikuwa nzuri, zote, na hakuna hata moja iliyomfanya aweze kumtazama yule mwanamke machoni.

Akamsogezea kibao chenye kinamo kibichi. "Nataka ubonyeze. Kama ulivyobonyeza siku ile, kwa Lusajo."

"Ya nini?"

"Ya kulinganisha. Kisha cha Ndimbumi, vilevile. Daktari anahitaji."

Aliposikia jina la Ndimbumi, Tusekile hakuuliza tena. Alisimama. Alikizunguka kibao akasimama upande wa dirishani, na Subilaga akatambua kwamba siku ile pia alisimama upande wa dirisha. Akaweka dole gumba la kulia, juu yake akaweka kiganja cha kushoto, akafumba macho, akaegemea kwa uzito wake wote. Midomo ilikuwa inacheza. Dole lilizama mpaka kucha ikafunikwa na likazidi kuzama, na alipolitoa kinamo kililia kidogo.

Subilaga alishusha kipimo ndani ya shimo. Shimo lilikuwa na kina kuliko yote waliyoyajaribu na Bupe.

Akasogeza kibao cha pili. "Sasa cha Ndimbumi."

Tusekile hakusogea. Alikuwa anafuta dole lake kwenye khanga, anafuta na kufuta hata lilipokwisha kuwa safi.

"Siku ile ilikuwa moja," alisema. "Wote wawili, siku moja. Nilianza na Lusajo. Huyo nilimpata baada ya mimba mbili kuharibika, mama, nilimpata kwa machozi. Nilimwombea mpaka nikaona kiza. Kisha wakaniletea kipande cha pili, nami nilikuwa nimekwisha. Sikuwa na kitu. Niligusa tu. Yule mama mnene akaniambia, bonyeza basi, nikamwambia imetosha." Sasa alikuwa analia, kwa aibu zaidi kuliko kwa uchungu. "Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema moyoni, Mungu akitaka mmoja atamchukua Ndimbumi, kwa sababu yeye sikumwombea sawasawa. Akamchukua Lusajo. Sielewi. Mimi nilimwekea Lusajo nguvu zangu zote."

"Gusa," Subilaga alisema. "Kama siku ile. Usizidishe."

Tusekile aligusa. Dole liliweka alama ndogo tu, kama mtu anayejaribu ugali kama umeiva. Subilaga alipima mara mbili, akapima tena. Akafungua mlango wa ndani, akamwambia Bupe akimbie wadini kwa daktari: Ndimbumi asifunguliwe, apewe dawa na maji, homa ikipanda wasiogope, kipande hakitamdhuru.

Alirudi akiwa na furaha ambayo hakuwa na haki nayo. "Ndimbumi yuko salama," alisema. "Hatapasuliwa."

"Kwa sababu ya alama?"

Subilaga alianza kufuta kipimo.

Mtu aliyelala karibu na kifo wiki nzima hahitaji kuambiwa mara mbili. Tusekile alikitazama kile kinamo cha kwanza chenye shimo refu, akakitazama cha pili. Kisha akalitazama sinia la chuma kwenye kona ya meza, lililofunikwa kitambaa. Subilaga alikuwa amelisahau pale.

"Kile ni cha Lusajo?"

"Tusekile, mwanangu."

"Nionyeshe."

Hapo ndipo uwongo ulipaswa kufanya kazi yake. Ulikuwa tayari, umepangwa vizuri: kosa la mashine, kopo bovu, taa iliyokuwa na hitilafu. Subilaga alifungua mdomo ili auseme. Akajikuta ameinua kitambaa.

Tusekile alikichukua kipande cha mwanawe kwa mkono wa kushoto, kwa uangalifu, kama anavyobebwa kifaranga, na akateremsha dole gumba la kulia ndani ya kile kishimo. Liliingia. Lilikaa humo bila nafasi kushoto wala kulia, mpaka kwenye kile kikovu kidogo cha kisu alichokipata akiwa binti, ambacho nacho kilikuwa kimeandikwa kwenye kinamo.

"Kwa hiyo sikumpiga," alisema.

"Hukumpiga."

"Nilimwombea tu."

Subilaga alipiga magoti mbele yake, mwanamke wa miaka hamsini mwenye shahada zake, akamwambia yote: nyuzi, taa, homa, desturi ya bibi, na kwamba aliyeleta dole karakanani ni yeye, Subilaga, hakuna mwingine. Alisema, "Kosa ni langu," akalirudia. Alitaka kupigwa, au angalau kulaaniwa. Tusekile alimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Leo sina nafasi ya kosa lako, mama," alisema mwishowe. "Tutagawana siku nyingine." Alirudisha kipande kwenye sinia, akakifunika mwenyewe, akazikunja pembe za kitambaa. "Wale walio nje wanajua?"

"Hawajui."

"Wakijua?"

"Mikono yao itaogopa. Wale wenye mashimo marefu nitawaona kama wenye mafupi."

Tusekile aliinamisha kichwa taratibu kukubali. Alikuwa ameelewa haraka kuliko Ngailo.

"Nitampigia simu shemeji yako," Subilaga alisema. "Leo hii. Nitamwambia hukumpiga, mimi ni shahidi."

"Atakuuliza, basi nini kilimuua? Utamjibu nini?" Alijitanda khanga. "Ukimjibu, kesho mji mzima unajua. Acha. Waniite wanavyoniita mpaka hawa wamalize."

"Ni siku nne."

"Nimezika mtoto. Siku nne ni nini?"

Subilaga akamwonyesha mlango wa nyuma, unaotokea kwenye uwanja wa taka, asilazimike kupita mbele ya benchi. Tusekile aliutazama.

"Mfiwa hapiti mlango wa nyuma," alisema. "Wataniona nimekimbia, wataanza kuulizana."

Akatoka kwa mlango wa mbele. Subilaga alisimama nyuma yake, ameshika kitasa, na alisikia soga ya kina mama ikikatika ghafla kama redio iliyoishiwa betri. Kisha sauti moja ikajikaza, ya Mama Gwakisa, mama mwenye mabega mapana aliyeuza ndizi stendi, ambaye hakuwa mtu wa kunyamazishwa na msiba wa mwenzake wala wa kwake.

"Pole, mwenzangu. Wanataka nini humo ndani?"

Subilaga alifumba macho. Neno moja tu kutoka kwa yule mwanamke lingetosha, na lingekuwa neno la kweli, na hakuna ambaye angeweza kumlaumu.

"Dole tu," Tusekile alisema. "Unabonyeza kama siku ile."

"Basi?"

"Basi. Usizidishe, usipunguze."

"Na wewe umebonyeza?"

"Nimebonyeza."

Subilaga alifungua mlango. Tusekile alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mahali ambapo wengine walikuwa wamesogea kidogo kumwachia nafasi, na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya khanga, dole limefungwa ndani ya ngumi. Angekaa hapo mpaka wa mwisho. Subilaga aliliona hilo usoni mwake.

Mama Gwakisa aliingia akikunja mikono ya gauni, akakaa bila kuambiwa, akatabasamu.

"Mimi nilibonyeza mpaka yule wa kijiti akanikataza," alisema kwa fahari. "Kwa mwanangu sikufanya utani."

Subilaga akamsogezea kinamo.